Wadudu Kwenye Taa

Kitambulisho cha shingoni hawakunipa.
Jina langu halimo orodhani, wakasema,
basi nikasimama nje ya geti, Capri Point,
pale lami inapokatika na mawe kuanza,
na lenzi ya kuazima kwa Bugumba
aliyenionyesha mikwaruzo yake yote mitatu
kabla hajaniachia.

Saa kumi na moja jua lilishuka usawa wa mabega.
Saa hiyo nguo haiwezi kudanganya.

Wa kwanza alivaa koti la mtumba la Mlango Mmoja,
koti la bwana mnene wa nchi ya baridi;
amelikata mikono,
amelikaza kiunoni kwa kamba ya nyavu.
"Nipige," akasema, "ila viatu uviache.
Ni vya dada, na dada hajui."
Nikavipiga.

Akafuata kijana wa suti ya kijani kibichi,
akarudi nyuma, akapita tena,
akarudi, akapita,
kana kwamba ndiyo kwanza anafika.

Kisha akakatiza mama mwenye beseni la dagaa,
mabuti ya mpira, sweta la shule lisilo na shule,
kitenge cha juu na kitenge cha chini havisalimiani.
Wenzangu wakashusha kamera, wakisubiri apite.
Mimi sikushusha.
"Picha shilingi ngapi?"
"Bure, mama."
"Cha bure kina nini ndani yake?"
Lakini alitua beseni,
akalamba kidole, akalaza unyusi mmoja,
akaugeuza uso kwenye mwanga
bila kuelekezwa na mtu.

Usiku Kwandu alinipitisha mlango wa jikoni.
Ana pini saba mdomoni, anazungumza kwa nyusi.
Siku kumi na moja hajalala kitandani;
amelala juu ya satini ya Makoroboi
asije mtu akaikanyaga.
Kwenye karatasi ya programu wameandika *Kwanda*.
Akaitazama, akatema pini moja,
akaendelea kushona.

Jukwaa lilikuwa mbao juu ya kreti za soda,
zulia jekundu limefunika siri hiyo,
ila ubao wa tatu ulilia kila ulipokanyagwa
na wasichana wote wakajifunza kuuruka
kama kidimbwi.

Nabuzoka akatoka wa mwisho.
Gauni la Kwandu: juu satini, chini wavu wa dagaa
uliofumwa upya, jicho kwa jicho,
ukimfuata nyuma kama maji yasiyotaka kumwacha.

Ndipo ziwa likatuletea wageni wake.
Kwanza tulidhani jenereta linatoa moshi.
Moshi ukawa na mabawa.
Maelfu kwa maelfu, wakizifuata taa,
wakatua kwenye kofia, kwenye glasi za juisi,
kwenye upara wa mgeni rasmi.
Safu ya mbele ikajifunika kwa programu —
angalau zikapata kazi.

Nabuzoka hakupepesa.
Alifunga mdomo, akaendelea kuhesabu hatua,
na wadudu wakaujaza wavu, jicho kwa jicho,
mpaka gauni zima likawa linapumua.
Nikabonyeza.
Sehemu ya mia mbili ya sekunde,
na sikuwahi kukaa mahali kwa muda mrefu vile.

Asubuhi mhariri akajibu:
*Picha nzuri. Futa wadudu.*

Nikakaa Mabatini, chumbani, mlango wazi kwa joto,
nikawafuta mmoja mmoja:
wa shavuni, wa kwenye kope, wa kwenye kola.
Kufika mia mbili na kitu, mmoja akakataa.
Nikabonyeza mara mbili. Mara tatu.
Akaruka kutoka kwenye kioo,
akatua ukutani, akanitazama.

Nikarudisha wote.

Kwandu alipiga simu jioni, sauti yake haina pini.
Hakuuliza imetoka gazeti gani.
"Pindo la kushoto," alisema,
"nililifunga kwa uzi wa rangi nyingine, usiku uzi uliisha.
Linaonekana?"
Nikakuza picha, nikakuza, nikakuza.
Linaonekana, Kwandu.
Mdudu mmoja amekaa juu yake
kama aliyetumwa kulishikilia.